Jerikeni Chini ya Kitanda: Mganga, Mwombezi na Daktari Penye Ugonjwa wa Akili

Jerikeni ilikuwa ya lita tano, ya manjano, ile ya mafuta ya kupikia, na mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kipande cha nailoni ili isivuje. Ndani mlikuwa na maji ya rangi ya chai ya rangi, magome yametuama chini. Shangazi yangu aliisukuma chini ya kitanda cha mwanawe wodini, akaifunika kwa leso. Kila asubuhi kabla ya raundi ya madaktari alimmiminia nusu kikombe. Madaktari walipofika waliuliza, "Dawa anameza?" Shangazi akajibu, "Anameza." Hakusema uongo. Binamu yangu alikuwa akimeza dawa zao, na pia dawa za mzee mmoja wa upande wa Nyakach.

Siku ya nne aliinuka kwenda msalani akaanguka. Presha ilikuwa imeshuka mno. Usiku ule muuguzi wa zamu aliinama kutafuta kandambili zake, akaiona jerikeni. "Mama, hii ni nini?" Shangazi akamwambia, "Ni dawa ya nyumbani, sista. Hakuna aliyetuuliza."

Huenda jerikeni haikuwa na hatia. Baadhi ya dawa za hospitali za wagonjwa wa akili nazo hushusha presha mtu anaposimama ghafla. Kinachoniuma ni kwamba kwa siku nne nzima daktari alikuwa akipanga kiasi cha dawa kwa mgonjwa ambaye nusu ya anachokunywa haikuwa imeandikwa kwenye faili.

Tunapobishana kuhusu tiba ya akili, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, tunabishana kana kwamba kuna njia panda: huku mganga, kule daktari, chagua. Familia nyingi ninazozijua hazichagui. Zinapita milango yote, leo huku kesho kule, pengine miwili kwa siku moja, na katika kila mlango zinanyamazia ule mwingine. Tukitaka kuelewa tiba za kienyeji, maombi na hospitali, inafaa tuanzie kwenye ukimya huo, na tuulize kila mlango unafanya kazi gani hasa.

Jina la ugonjwa ndilo linaloonyesha njia

Nimekulia Nakuru, kwenye ploti moja ya Kaptembwo ambapo jirani wa kushoto alikuwa Mkisii, wa kulia Mluhya, na mwenye nyumba Mkikuyu. Kila familia ilikuja mjini na msamiati wake wa mambo ya kichwa. Kiswahili tulichozungumza sote kilikuwa na ngazi mbili tu. Kuna mwenye mawazo, ambaye kwetu hahesabiwi kuwa mgonjwa. Amelemewa na maisha. Na kuna mwenye wazimu, kichaa, yule ambaye watoto humfuata barabarani. Wataalamu wa lugha wametupa neno sonona kwa ule ugonjwa wa huzuni nzito, na ni neno zuri, lakini sijamsikia mama wa soko la Kibuye, Kisumu, akisema ana sonona. Atakuambia moyo ni mzito, usingizi umekataa, kichwa kinachemka. Mjaluo atasema ana parruok, na hapo anazungumzia wasiwasi na majonzi ya mtu anayefikiria jambo lilelile bila kupumzika.

Kila jina lina sababu ndani yake, na sababu ndiyo inayokuambia uende wapi. Chukua chira. Kwa Wajaluo, chira ni masaibu yanayompata mtu, au hata mtoto wake, kwa sababu mwiko wa boma umevunjwa: mke mdogo amepanda shambani kabla ya mke mkubwa, mdogo amejenga kabla ya kaka yake, taratibu za matanga zimerukwa. Mtu hukonda, hunyong'onyea, hukosa furaha ya chochote. Dawa yake ni manyasi, mitishamba inayoendana na kutengeneza lile lililoharibika. Wakikuyu wana thahu, unajisi unaofanana na chira kwa mbali, nao huondolewa kwa kutakaswa. Ukiamini tatizo lako ni chira, hospitali haikusaidii kitu, maana hakuna kidonge cha kubadilisha nani alipanda kabla ya nani. Mtu huyo anafuata mantiki yake vizuri kabisa, na anayemwita mjinga hajamsikiliza.

Kisha kuna juogi, mizimu na pepo wanaompanda mtu. Kuna mambo ya kurogwa. Na kuna ile kauli ambayo kila mtu wa ukanda wa ziwa ameisikia: "Malaria imempanda kichwani." Hiyo nitairudia, kwa sababu mara nyingine ndiyo kweli tupu.

Hatari ya majina haya tuliiona wakati wa ukimwi. Katika miaka ya 1980 na 1990, virusi vilipoenea Nyanza, kukonda kwa wagonjwa kulifanana na chira kiasi kwamba maboma mengi yalitafuta mwiko uliovunjwa huku ugonjwa ukiendelea. Jina lilikuwa la zamani, ugonjwa ulikuwa mpya.

Saa moja na nusu kwenye mkeka

Nilikuwepo siku binamu yangu alipopelekwa Nyakach. Alikuwa makanga wa matatu za Nakuru kwenda Kisumu, kijana mcheshi, hadi wiki ile alipoacha kulala. Alianza kusema abiria wanamrekodi. Halafu akasema anaisikia sauti ya baba yake, ambaye alikuwa amefariki, ikimwita kutoka nyuma ya gari.

Mzee hakumuuliza anaumwa wapi. Alimkalisha kwenye mkeka, akatugeukia sisi. "Baba yake alizikwa lini? Nani hakuja?" Kukawa kimya. Kisha akamtazama baba mdogo wa binamu yangu na kumuuliza kuhusu shamba. Yakatoka mambo ambayo familia ilikuwa imeyakalia kwa miaka minne: kipande kilichouzwa, pesa ambazo hazikuonekana, maneno yaliyosemwa kaburini. Baba mdogo alizungumza, shangazi akazungumza, watu wakalia. Binamu yangu naye alilia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Tulikaa saa moja na nusu. Hospitalini, baadaye, daktari alikaa naye dakika nane. Nilihesabu, na simlaumu, kwa sababu foleni ilikuwa imefika nje.

Nikiangalia nyuma, yule mzee alifanya mambo matatu ambayo tiba yoyote nzuri ya akili inayahitaji. Alitoa muda. Alizungumza Kijaluo cha watu aliokuwa nao, pamoja na mafumbo yake. Na alimtibu mgonjwa ndani ya watu wake, akiwalazimisha wale waliomwumiza wakae kwenye mkeka mmoja naye. Kwa mtu mwenye majonzi ya msiba, mwenye ugomvi wa ndoa, au anayebeba aibu isiyosemeka, hiyo yenyewe ni dawa, na mshauri nasaha mwenye shahada angeitambua mara moja.

Lakini usiku ule binamu yangu hakulala. Sauti zilikuwa palepale. Asubuhi alikuwa ameketi mlangoni amevaa viatu, anasubiri gari ambalo halikuwepo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mganga anatosha, na vilevile na wanaosema hana kazi. Familia yetu ilipona kitu siku ile. Ubongo wa binamu yangu haukupona. Ni kazi mbili, na tulikuwa tumempa mtu mmoja zote.

Neno mganga lenyewe linachanganya, kwa kuwa linabeba watu wengi wasiofanana. Mtaalamu wa miti, ambaye Wakalenjin humwita chepkerichot, anaweza kuwa bibi asiyejua ramli hata kidogo. Anajua gome gani la tumbo na jani gani la kikohozi. Ajuoga wa Kijaluo huagua, hutafuta chanzo. Kwa Wakisii kulikuwa na omobari omotwe, mpasuaji wa kichwa, aliyefungua ngozi na kukwangua fuvu la mtu mwenye maumivu yasiyoisha baada ya kugongwa. Upasuaji huo ulifanywa kwa vizazi, wengi waliofanyiwa waliishi, na katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari kutoka nje waliufuatilia na kuuandikia. Huwezi kuwaweka watu hawa kapu moja na yule anayebandika karatasi kwenye nguzo za stima, namba ya simu chini, akiahidi kurudisha mpenzi na kutibu kichaa kwa siku moja.

Mlango wa tatu ni wa maombi, na Magharibi ya Kenya huenda ndio unaogongwa zaidi kuliko yote. Legio Maria, kanisa lililozaliwa miongoni mwa Wajaluo mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, lilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kuombea wagonjwa na kufukuza pepo. Makanisa ya Roho yana desturi kama hiyo. Mgonjwa hupokewa, hulala hapo, huimbiwa, hushikwa mikono na watu ambao hawamwogopi. Ukiwahi kuishi na mtu ambaye kijiji kizima kinamkwepa, utaelewa thamani ya kushikwa mkono. Nyimbo, ngoma, kwaya ya Jumamosi jioni, chama cha akina mama kinachokutembelea usipoonekana: haya yote humtoa mtu kwenye upweke, na upweke ndio chakula cha sonona.

Miti ina nguvu, ndiyo maana iulizwe

Kuna watu huniambia mitishamba ni maji tu, haina madhara. Wanaosema hivyo wanaidharau, ingawa hawajui.

Wayoruba wa Nigeria walitumia mizizi ya mti wa jamii ya Rauvolfia kutuliza wagonjwa wa akili, na India walitumia ndugu yake kwa karne nyingi. Mwaka wa 1952, wanakemia nchini Uswisi walitoa kwenye mmea wa India dawa iitwayo reserpini. Katika miaka ya 1950 reserpini ilikuwa kati ya dawa za kwanza za kisasa kutuliza kichaa, sambamba na klorpromazini iliyopatikana wakati huohuo. Kwa hiyo waganga walikuwa wamegundua jambo la kweli kabla ya maabara. Sasa sikiliza upande wa pili: reserpini hushusha presha sana, huweza kumfanya mtu atetemeke na kukakamaa, na wengine waliripotiwa kupata huzuni nzito. Ndiyo maana madaktari waliiacha taratibu walipopata dawa nyingine. Mti mwingine wa ukoo huohuo, Rauvolfia caffra, hukua kando ya mito na katika misitu ya Kenya.

Fikiria basi mgonjwa anayekunywa supu ya magome yenye nguvu kama hiyo, kiasi kikipimwa kwa jicho, juu ya sindano ya hospitali inayofanya kazi ileile. Usingizi unakuwa mara mbili. Presha inashuka mara mbili. Daktari anayeona mgonjwa amelegea hupunguza dawa yake, mganga naye huongeza ya kwake, na hakuna anayejua mwenzake amefanya nini.

Jambo lingine ambalo hospitali zetu zinapaswa kulieleza na mara nyingi hazielezi: sindano ya haloperidoli, inayotumika sana kumtuliza mgonjwa aliyepandwa na hasira, huweza kumpinda mtu shingo, kumkaza taya na kuyageuza macho yake juu. Hutokea ndani ya saa au siku chache, hasa kwa vijana wa kiume. Inatibika haraka kwa dawa nyingine, benzeksoli. Lakini mama asiyeambiwa anamwona mwanawe, aliyeingia akitembea, sasa amepinda kama mtu aliyeshikwa na pepo. Atafanya nini? Atamtoa kitandani usiku huohuo, ampeleke kwa mwombezi, naye hatarudi tena. Nimesikia hadithi hiyo Nakuru na nimeisikia Kisumu, wasimulizi wasiojuana, na shingo iliyopinda ni ileile.

Pale ambapo kichaa kina homa

Sasa tuirudie ile malaria ya kichwani. Katika kaunti zinazozunguka Ziwa Viktoria, ambako malaria ni ya mwaka mzima, mtu anaweza kuanza kuzungumza ovyo, kupigana na hewa na kutowatambua watoto wake, kumbe vijidudu vya malaria vimeziba mishipa midogo ya damu kwenye ubongo. Huo ni ugonjwa wa saa. Ukimpeleka kuaguliwa kwa siku mbili unaweza kumrudisha maiti. Homa ya uti wa mgongo ni hivyohivyo. Sukari iliyoshuka au kupanda, kuacha pombe ghafla baada ya kunywa kwa miaka, kaswende ya muda mrefu, hata baadhi ya dawa, vyote huweza kuvuruga akili: wengi waliotumia vidonge vya ukimwi vyenye efavirenzi wanazikumbuka ndoto zake za kutisha, na wapo waliodhani wanarogwa.

Kifafa kinastahili aya yake, kwa jinsi kinavyoonewa. Si wazimu, wala hakiambukizwi kwa povu. Bado watu huungua mekoni kwa sababu waliosimama pembeni waliogopa kuwagusa. Kule Busia na Teso, ambako nguruwe huzurura, chanzo kimoja cha kifafa ni tegu, mnyoo wa tumboni. Wengi hudhani vifuko vya mdudu huyu hufika ubongoni kwa kula nyama ya nguruwe yenyewe. Sivyo. Ukila nyama yenye uvimbe wa tegu bila kuiva, unapata mdudu tumboni. Vifuko vya ubongoni huja kwa njia nyingine: kumeza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, kupitia mikono, maji au mboga. Asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuupata. Ukijua hivyo, choo na sabuni vinakuwa sehemu ya tiba ya akili, na fenobabitali, dawa ya bei nafuu, inaweza kumrudisha mtoto darasani.

Kuna dalili ambazo mimi sitasubiri mlango mwingine wowote nikiziona: homa pamoja na kuchanganyikiwa, degedege isiyoisha ndani ya dakika tano, mama aliyejifungua juzi ambaye halali na anasema mtoto si wake, mzee aliyekuwa mzima jana na leo hajui yuko wapi, mtu asiyekula wala kunywa, mtu anayesema anataka kufa. Hospitali kwanza. Wazee wa boma watakaa kikao kesho.

Si kila tukio la ghafla lina mdudu nyuma yake, hata hivyo. Oktoba 2023, katika shule moja ya wasichana kaunti ya Kakamega, makumi ya wanafunzi waliishiwa nguvu za miguu wakashindwa kutembea. Video zilisambaa, watu wakataja mapepo. Vipimo havikuonyesha maambukizi ya kueleza hali hiyo, na maelezo yakaelekea kwenye mshtuko wa akili wa kundi, ambapo hofu na shinikizo huingia mwilini na kuenea kwa kuonana. Miguu ya wasichana wale haikuwa ikiigiza. Mwili husema kile ambacho mdomo haukupewa nafasi ya kusema, na hilo waganga walilijua kitambo.

Minyororo, na historia ambayo hospitali haipendi kuisimulia

Lipo jambo ambalo siwezi kulipamba. Mwaka wa 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wenye ugonjwa wa akili wanaofungwa minyororo katika nchi takriban 60, na Kenya ilikuwemo, ikiwa na picha na ushuhuda kutoka kituo cha maombi hapa Kisumu. Kumfunga mtu kwenye nguzo, kumnyima chakula ili pepo atoke, kumchapa: huo ni ukatili, hata ukifanywa huku watu wakiimba. Na jina la kurogwa huua watu wengine kabisa. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma kwamba wamemroga mwanafunzi. Familia inayotafuta nani kasababisha, badala ya nini kimesababisha, inaweza kuishia hapo.

Ila hospitali nayo isijifanye safi. Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka wa 1910 kama nyumba ya kuwafungia vichaa, na kwa miongo mingi kufungia ndiko kulikuwa kazi yake. J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1950, aliandika kwamba akili ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia maandishi hayo. Bibi anayekataa mjukuu wake asipelekwe "kwa vichaa" amebeba kumbukumbu ambayo hakuisoma popote. Alirithi.

Sheria zetu nazo zimegawanyika. Ile ya uchawi ni ya mwaka wa 1925. Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua tiba ya kiasili na kutaka isimamiwe, lakini kwa miaka mingi mtaalamu wa miti amekuwa akiandikishwa na wizara inayohusika na utamaduni, kama mcheza ngoma. Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka wa 2022 na kuweka haki za mgonjwa mbele zaidi, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu kinachomshtaki mtu kwa kujaribu kujiua kinakiuka katiba. Hilo la mwisho nililisubiri sana. Mtu aliyeokolewa kwenye kamba hakupaswa kuamkia kituo cha polisi.

Waliojaribu kuunganisha milango

Waafrika wametangulia katika jambo hili. Mwaka wa 1954, karibu na Abeokuta, Nigeria, Dkt. Thomas Adeoye Lambo alianza kuwapangisha wagonjwa wa hospitali ya Aro katika nyumba za vijiji vya jirani, wakiwa na ndugu zao, wakitibiwa hospitalini na kurudi kijijini. Aliwashirikisha pia waganga. Mgonjwa aliendelea kuwa mtu wa watu.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja baadaye. Mwaka wa 2020 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Nigeria na Ghana uliofuatilia wagonjwa 307 wenye kichaa kikali waliokuwa wakikaa kwa waganga na waombezi. Kundi moja lilibaki na utaratibu wa kawaida. Kwa kundi la pili, wahudumu wa afya walikuwa wakifika palepale kwa mganga, wakitoa dawa na kuzungumza naye jinsi ya kumhudumia mgonjwa bila kumdhuru. Baada ya miezi 6 kundi la pili lilikuwa na nafuu kubwa zaidi. Mganga hakufukuzwa wala mgonjwa hakuhamishwa. Muuguzi ndiye aliyetembea.

Hapa Kenya, watafiti wakiwemo Prof. David Ndetei na Dkt. Christine Musyimi walikaa na waganga, waombezi na matabibu wa Makueni, na waganga wakafundishwa kutambua na kuhudumia sonona kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kisumu kwenyewe, wahudumu wasio madaktari wa akili wamefundishwa tiba ya mazungumzo kwa wanawake wanaoishi na virusi vya ukimwi waliopitia ukatili. Na Zimbabwe, tangu 2006, Dkt. Dixon Chibanda amewaweka akina bibi kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati za Harare kuwasikiliza watu wenye kufungisisa, neno la Kishona la kufikiria kupita kiasi. Mjaluo hapo atasema parruok, nasi tutasema mawazo. Utafiti wa mwaka wa 2016 uliowahusu watu 573 uliwakuta waliozungumza na bibi wakiwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Ninachokipenda katika mifano hii ni kwamba hakuna aliyelazimishwa kuacha imani yake. Kilichobadilika ni kuulizana. Tabibu anaweza kuuliza bila kukunja uso: "Nyumbani mmejaribu nini? Anakunywa nini kingine?" Mganga naye anaweza kuambiwa ni lini amtoe mgonjwa mikononi mwake haraka. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao wanamjua kila mzee wa kijiji kwa jina la mkewe, wangeweza kuwa daraja hilo kesho asubuhi, kama wangelipwa kwa wakati na kufundishwa.

Binamu yangu sasa anachomwa sindano mara moja kwa mwezi katika kituo cha afya karibu na nyumbani. Hajarudi kwenye matatu. Ana kibanda cha kuchaji simu, na Jumamosi huimba besi kanisani. Baba mdogo alirudisha sehemu ya pesa za shamba.

Shangazi hajaacha kwenda Nyakach. Mara ya mwisho alimwomba mzee amwandikie alichokuwa akichemsha, na mzee akamwita mjukuu wake aandike kwenye karatasi ya daftari: jina la mti kwa Kijaluo, maji kiasi gani, kikombe kipi. Siku ya kliniki shangazi aliitoa karatasi kwenye mkoba, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza. Tabibu, binti mdogo tu, aliisoma mara mbili, akavuta faili.

"Mama, ni magome au mizizi?"

"Magome, daktari. Ya upande wa jua linakochomoza."

Akaandika yote mawili.